Kozi Fupi za Jiolojia ya Madini: Mwongozo kwa Wanaotafuta Shaba na Kobalti Lualaba

Kwenye miamba ya Kolwezi, jimboni Lualaba nchini Kongo, shimo moja la uchorongaji linaweza kukutana na shaba mara mbili. Kwanza mtambo unapita kwenye shale za dolomiti zenye mbale ya juu. Kisha unaingia kwenye mwamba mgumu wa silika, uliojaa vishimo kama sifongo, ambao wanajiolojia wa Katanga huuandika R.S.C. kwa kufuata majina ya Kifaransa waliyoyarithi kutoka enzi za kampuni ya Union Minière. Hapo shaba hupungua, na mara nyingi hutoweka. Mjiolojia mgeni akifungua masanduku ya karoti, yaani zile nondo za mwamba zinazotolewa na mtambo, akakuta hazina hata doa la kijani, hushawishika kusimamisha kazi ili kuokoa gharama. Akifanya hivyo amepoteza nusu ya alichokuja kutafuta, kwa sababu chini ya R.S.C. kuna matabaka ya R.S.F., D.Strat na R.A.T. ya kijivu, na humo ndimo ilimo mbale ya chini.

Mambo hayaishii hapo. Miamba hii ilikunjwa na kuvunjwavunjwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, katika msukosuko wa ardhi uliojenga Tao la Lufilia, na vipande vyake, vikubwa kwa vidogo, vikabaki vimezungukwa na brecha. Vingine vimelala kiubavu, vingine vimepinduka juu chini. Kwenye kipande kilichopinduka, R.A.T. hutangulia na mbale hufuata. Anayejua kusoma mpangilio huo analiokoa shimo. Asiyejua analipia mita za bure au anaiacha shaba ardhini.

Shahada ya jiolojia, iwe ya Lubumbashi, Dar es Salaam au Lusaka, humpa mhitimu msingi wa madini, miamba, ramani na muundo wa ardhi. Yanayobaki huyapata kazini, kwa wakubwa wake, na kwenye kozi fupi za siku mbili hadi wiki mbili zinazoendeshwa na vyama vya wanajiolojia, vyuo vikuu na taasisi za serikali. Kozi hizo ni nyingi, baadhi ni ghali, na matangazo yake yote yanaahidi cheti. Namna ya kuzichambua, kwa mtu anayefanya kazi kati ya Kolwezi, Fungurume na Likasi, inaanzia kwenye kazi yake mwenyewe.

Anza na pengo, cheti kitafuata

Mjiolojia wa Lualaba anayetafuta kozi huwa na moja ya mapengo manne. La kwanza ni la kuielewa mbale yenyewe: ilitoka wapi, imekaaje, inaishia wapi. La pili ni la mikono na macho: kuchora ramani uwandani, kusoma karoti, kuchukua sampuli. La tatu ni la takwimu: kukagua majibu ya maabara, kutengeneza modeli ya kompyuta, kukadiria tani na viwango. La nne ni la sheria na ripoti: leseni, viwango vya kimataifa, maneno ambayo mwekezaji au benki itayakubali.

Hakuna kozi ya siku tano inayoziba mapengo yote manne. Tangazo linalosema inaziba yote ni la kuogopwa.

Njia rahisi ya kulitambua pengo lako ni kurudi kwenye kazi ya miezi michache iliyopita na kutafuta mahali ulipokwama. Je, uliandika "mwamba mweusi" kwa sababu hukujua kama weusi ule ni heterojeniti yenye kobalti au ni oksidi ya manganizi isiyo na thamani? Hilo ni pengo la macho. Je, majibu ya maabara yalikuja na shaba ya asilimia 4 mahali ulipoandika "tupu", ukashindwa kujua kama kosa ni lako au la maabara? Hilo ni pengo la takwimu. Je, meneja alikuuliza kwa nini shimo linalofuata lichimbwe mashariki na si magharibi, ukakosa jibu? Hilo ni pengo la kuielewa mbale. Liandike swali hilo kwenye karatasi, kwa sentensi moja, kabla hujafungua tangazo lolote.

Kozi ihusu mbale unayoifanyia kazi

Kosa la kawaida ni kwenda kusoma mbale za mahali pengine. Kozi ya shaba ya porfiri ni tamu kwa anayefanya kazi Chile, lakini shaba ya Katanga imelala kwenye matabaka ya mashapo. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba maji ya chumvi yalipita kwenye mawe mekundu yenye oksijeni, yakabeba shaba na kobalti, kisha yakakutana na miamba yenye kaboni au piriti, na hapo madini yakatua. Lini hasa yalitua, mapema wakati mashapo yangali laini au baadaye wakati wa kukunjana kwa milima, ni hoja ambayo wataalamu wanaendelea kubishana. Mkufunzi mzuri huuleta ubishi huo darasani pamoja na ushahidi wa kila upande. Mkufunzi anayeleta jibu moja bila ushahidi anauza imani.

Mgodi wa Kamoa-Kakula unaonyesha kwa nini jambo hilo ni la vitendo. Kwa takriban karne nzima, watafutaji wa Katanga walifuata vilima visivyo na miti, kwa sababu udongo wenye shaba nyingi huifukuza miti na kuacha nyasi na maua machache yanayovumilia, kama vile Haumaniastrum katangense. Walifuata malakiti iliyo juu ya ardhi, na walitafuta kundi lile lile la miamba ya R.A.T., D.Strat, R.S.F. na R.S.C. Magharibi ya Kolwezi, kwa mwendo wa kilomita 25 hivi, hakukuwa na vilima vya namna hiyo. Palikuwa na msitu wa miombo na mchanga wa Kalahari. Wanajiolojia wa kampuni ya Ivanhoe walitafuta huko huko, kwenye mwamba mwingine kabisa, ule wa Grand Conglomérat ulioachwa na barafu ya kale. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Kamoa ikajulikana, mwaka 2016 uchorongaji ukaifichua Kakula, na Mei 2021 mgodi ukaanza kuzalisha. Leo ni miongoni mwa migodi mikubwa ya shaba duniani.

Walioipata Kamoa hawakuitupa modeli. Waliifuata hadi kwenye mzizi wake: popote maji yenye shaba yanapokutana na mwamba unaoyanyang'anya oksijeni, mbale inaweza kuwepo, hata kama jina la mwamba ni geni. Kozi inayokukaririsha majina ya matabaka bila sababu zake itakufunga kwenye vilima vile vile.

Kwa hiyo uliza: kozi inahusu mbale za aina gani? Kipushi, karibu na Lubumbashi, ni hadithi nyingine ya zinki, shaba na jerimani kwenye miamba ya kaboneti. Anayekwenda Kibali katika Haut-Uélé, au Geita upande wa Tanzania, anahitaji kozi ya dhahabu. Wa Manono anahitaji kozi ya pegmatiti na lithiamu, na wa Bisie katika Walikale, ya bati. Kozi ya jumla inamfaa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho na meneja asiye mjiolojia. Mjiolojia wa mgodini aende penye mbale yake.

Mambo ambayo programu nzuri haiachi

La kwanza ni karoti halisi mezani. Picha za skrini hazifundishi uzito wa jiwe, harufu ya shale iliyokatwa, wala mlio wa tone la asidi juu ya dolomiti. Mkufunzi anayejua kazi humwagia karoti maji kabla ya kuisoma, kwa sababu jiwe kavu huficha rangi. Kisha huanza na mipaka ya miamba, hufuata na madini, na mwisho huhesabu mivunjiko. Karoti ya ukubwa wa HQ ina kipenyo cha milimita 63.5, na ya NQ milimita 47.6. Ndani ya R.S.C. yenye vishimo, au ndani ya brecha, sehemu ya karoti hupotea ikiwa bado shimoni. Anayeshindwa kurekodi kiasi kilichopotea anapeleka maabara sampuli isiyowakilisha ardhi, na kwa kuwa heterojeniti ni laini na hukaa kwenye vishimo na mipasuko, kinachopotea mara nyingi ndicho chenye kobalti.

La pili ni tofauti ya oksidi na salfaidi. Karibu na uso wa ardhi kuna malakiti na heterojeniti. Kwa kina zaidi kuna kalkositi, borniti, kalkopiriti na karoliti. Za juu huyeyushwa kwa asidi ya salfa, za chini hutenganishwa kwa kuelea kwenye povu. Ndiyo sababu maabara za Katanga hutoa namba mbili kwa sampuli moja: shaba yote, na shaba inayoyeyuka kwenye asidi. Mjiolojia anayetazama namba ya kwanza peke yake humpa mhandisi wa kiwanda mbale asiyoweza kuichakata. Tena dolomiti inakula asidi, kwa hiyo sentensi moja kwenye daftari kuhusu wingi wa kaboneti inaweza kugeuza hesabu ya gharama. Kozi inayotenganisha jiolojia na kiwanda ina upungufu.

La tatu ni vifaa na mipaka yake. Katika maghala ya wanunuzi wa Musompo, nje kidogo ya Kolwezi, kifaa cha mkononi ambacho kila mtu hukiita Metorex ndicho kinachoamua bei ya gunia la kobalti. Kampuni za utafutaji hutumia vifaa vya jamii hiyo hiyo, vinavyorusha miale ya eksirei na kusoma elementi ndani ya sekunde chache. Ni msaada mkubwa, lakini kifaa husoma eneo la milimita chache tu, unyevu hupotosha jibu, na mstari mmoja wa chuma hukaa karibu sana na mstari wa kobalti, hivi kwamba sampuli yenye chuma kingi inaweza kuonyesha kobalti ambayo haipo. Darasani kila mshiriki akishike kifaa, apime jiwe moja mara kadhaa, apime unga uliokaushwa wa jiwe hilo hilo, kisha alinganishe na jibu la maabara.

La nne ni ulinzi wa sampuli. Mwaka 1997 kampuni ya Bre-X ya Kanada iliporomoka baada ya kugundulika kwamba dhahabu ya Busang, nchini Indonesia, ilikuwa imetiwa kwenye sampuli kwa mkono wa mtu. Karoti zilikuwa zimesagwa zote badala ya kukatwa nusu na nusu nyingine kuhifadhiwa, na kwa hiyo hapakuwa na jiwe la kurudia kupima. Miaka minne baadaye Kanada ikaanza kutumia kanuni ya NI 43-101. Tangu hapo, kwenye kila kundi la sampuli huchomekwa sampuli tupu, sampuli rejea yenye kiwango kinachojulikana, na sampuli pacha, mara nyingi moja ya kila aina katika kila sampuli 20. Kozi nzuri hukupa jedwali lenye majibu ya maabara yenye kasoro na kukuachia uzitafute mwenyewe.

La tano ni usalama. Shinkolobwe, mgodi wa zamani wa urani, hauko peke yake. Hata Musonoi, hapo Kolwezi, inajulikana na wakusanyaji wa mawe duniani kwa madini yake ya urani. Kipima mionzi kiwe ghalani, na vumbi la silika linalotoka kwenye msumeno wa karoti lizuiwe kwa maji na barakoa.

Wapi pa kusomea

Aliye Kolwezi aanze karibu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), chenye asili yake katikati ya miaka ya 1950, kipo umbali wa kilomita 300 hivi, na idara yake ya jiolojia imekuwa ikiandika kuhusu miamba ya Katanga kwa miongo mingi. Mhadhiri wa hapo aliyetembea migodi ya Kamoto, Mutanda na Fungurume anaweza kukufaa kuliko profesa maarufu ambaye hajawahi kuiona R.A.T. Kila Juni mkutano wa DRC Mining Week huwakutanisha watu wa sekta Lubumbashi. Ni mahali pa kuuliza nani anafundisha nini, na kumwona mkufunzi uso kwa uso kabla ya kutoa fedha.

Mpakani Kasumbalesa, upande wa pili ni Zambia, penye migodi ya Konkola, Nchanga na Nkana. Kozi yenye ziara ya pande zote mbili ina thamani ya pekee. Upande wa Zambia matabaka yenye mbale yamebaki marefu zaidi na yanakaa karibu na miamba ya kale ya msingi. Upande wa Kongo yamekatwakatwa na kutawanywa. Ukiziona zote mbili ndani ya wiki moja, utaelewa ni kipi kilitokana na bahari ya zamani na ni kipi kilitokana na kukunjana kwa milima.

Dar es Salaam, eneo la Kunduchi, kipo Kituo cha Madini na Jiosayansi cha Afrika, AMGC, kilichoanzishwa mwaka 1977 na kujulikana kwa miaka mingi kama SEAMIC. Huendesha mafunzo ya muda mfupi pamoja na kazi za maabara. Kusini zaidi, Chama cha Jiolojia cha Afrika Kusini, kilichopo tangu 1895, huandaa kozi na ziara mwaka mzima, na Chuo Kikuu cha Rhodes mjini Makhanda kina shahada ya uzamili ya jiolojia ya utafutaji. Chuo Kikuu cha Wits, Johannesburg, kina taasisi yake ya utafiti wa jiolojia ya mbale.

Kwa watumishi wa serikali ipo PanAfGeo, programu iliyoanza mwaka 2016 kwa ushirikiano wa taasisi za jiolojia za Ulaya na za Afrika na ufadhili wa Umoja wa Ulaya. Inawalenga wafanyakazi wa taasisi za jiolojia za nchi, na kwa Kongo hiyo ni SGN-C. Anayefanya kazi huko afuatilie matangazo kupitia uongozi wake. Nchini Ubelgiji, Jumba la Makumbusho la Tervuren linahifadhi kumbukumbu nyingi za jiolojia ya Kongo, zikiwemo ramani na sampuli za enzi ya ukoloni, na hupokea watafiti na wataalamu kutoka Afrika ya Kati.

Ng'ambo kuna majina mawili makubwa. Chama cha SEG (Society of Economic Geologists), kilichoundwa mwaka 1920, huambatanisha kozi na mikutano yake, na PDAC, chama cha watafutaji madini cha Kanada, huandaa kozi pembeni ya mkutano wake wa kila Machi mjini Toronto. Ni mahali pazuri pa kusikia mapya na kujuana na watu. Lakini ada ya kozi ni sehemu ndogo tu ya gharama: weka tiketi, viza, hoteli na siku za kazi zinazopotea. Kwa mtu wa Kolwezi, siku mbili za Toronto zinaweza kumeza fedha za kozi kadhaa za Lubumbashi. Mwanafunzi aulize ada ya wanafunzi, kwani karibu vyama vyote vinayo. Anayesoma kwa Kifaransa aulize lugha ya kufundishia na ya vitabu, maana kozi ya takwimu kwa Kiingereza usichokimudu ni fedha iliyokwenda na maji.

Kozi za mtandaoni zinafaa kwa takwimu, programu za ramani na sheria. Kwa kusoma karoti hazitoshi.

Maswali ya kumuuliza mwandaaji kabla ya kulipa

1. Mkufunzi ni nani, na amefanya kazi kwenye mbale ya aina hii wapi na lini? Jina litafutwe. Mtu wa kweli ana makala, ripoti au wenzake wanaomjua.

2. Ni saa ngapi za darasani, na ni ngapi za kushika jiwe au kufanya zoezi la data? Kama mazoezi hayafiki nusu ya muda, hiyo ni mihadhara.

3. Washiriki ni wangapi? Meza moja ya karoti haiwezi kuhudumia watu 40.

4. Data za mazoezi zinatoka wapi? Zinapotoka mradi halisi, huja na makosa halisi.

5. Je, cheti kinahesabiwa na chama chochote cha kitaaluma kama saa za kujiendeleza?

6. Ikiahirishwa, fedha hurudishwaje?

Swali la tano linahitaji maelezo zaidi. Katika viwango vya JORC vya Australia, SAMREC vya Afrika Kusini na NI 43-101 vya Kanada, anayetia saini makadirio ya madini lazima awe mwanachama wa chama kinachotambulika na awe na uzoefu wa angalau miaka 5 unaohusiana na kazi hiyo. Hakuna kozi ya wiki moja inayompa mtu hadhi hiyo. Inayoahidi hivyo inadanganya. Kozi ya haki itakufundisha tofauti kati ya rasilimali na akiba ya madini, itakueleza kwa nini ya kwanza haiwi ya pili mpaka uchimbaji, kiwanda, soko na sheria vipimwe, na itakuachia miaka yako uitumikie.

Upande wa sheria ya Kongo, hakikisha mkufunzi anatumia Kanuni ya Madini ya 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2018. Mabadiliko yaligusa mambo ya msingi, ukiwemo muda wa kibali cha utafiti, ambao sasa ni miaka 5 na huongezwa mara moja tu. Karatasi za kozi za zamani bado zinazunguka zikiwa na masharti ya zamani.

Jiandae kabla ya siku ya kwanza

Wengi hufika darasani mikono mitupu, siku ya kwanza ikaishia kwenye mambo wanayoweza kuyasoma bure nyumbani. Ripoti za NI 43-101 za miradi ya Kongo iliyosajiliwa kwenye masoko ya Kanada zinapatikana bila malipo kwenye hifadhi ya SEDAR+. Chukua ya Kamoa-Kakula. Ina mamia ya kurasa, lakini mpangilio wake ni ule ule kwa kila mradi: sehemu ya 7 ni jiolojia, ya 8 ni aina ya mbale, ya 9 utafutaji, ya 10 uchorongaji, ya 11 uandaaji na usalama wa sampuli, ya 12 uhakiki wa data. Soma hizo sita tu, ukiwa na penseli. Taasisi ya jiolojia ya Marekani, USGS, nayo imechapisha tathmini ya shaba ya ukanda huu, na haiuzwi.

Ukiweza kupata kazi ya Armand François ya 1973 kuhusu ncha ya magharibi ya tao la shaba, iliyochapishwa na Gécamines, isome hata kama ramani zake zimezeeka. Miradi mingi ya Kolwezi bado inatumia mgawanyo wa miamba unaofuata msingi huo.

Kisha fanya zoezi moja ghalani kwenu: chagua shimo moja, lisome upya mwenyewe bila kutazama daftari la zamani, na uhifadhi ulichoandika. Ukirudi kutoka kozini, lisome tena. Tofauti kati ya madaftari hayo mawili ndiyo ripoti ya kumpelekea mkuu wako, na ndiyo itakayomshawishi alipie kozi inayofuata. Barua ya kuomba udhamini nayo isizidi ukurasa mmoja: swali la mradi, kozi inayolijibu, gharama yote, na kazi utakayoifanya ukirudi.

Wasio na shahada wasiachwe nje

Ghala la karoti linaendeshwa na watu ambao majina yao hayamo kwenye ripoti: wakataji, wapima uzito, wafunga mifuko ya sampuli, wasaidizi wa mtambo. Mfuko ukipewa namba isiyo yake, profesa yeyote atakosea. Kwao kozi ya siku mbili kwa Kiswahili, kuhusu namba, usafi wa vifaa, uchafuzi wa sampuli na utambuzi wa madini, inaleta faida ya haraka kuliko kozi nyingi za wakubwa.

Vivyo hivyo kwa wachimbaji wadogo. Mwaka 2014 wakazi wa mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, walianza kuchimba chini ya nyumba zao baada ya heterojeniti kupatikana hapo, na visima vya uchimbaji vikatapakaa katikati ya makazi. Mchimbaji anayejua kuitofautisha kobalti na manganizi, anayejua kwamba mfuko uliochanganywa vizuri ndio utoe sampuli ya kupimwa, na anayejua dalili za ukuta unaotaka kuanguka, ana nguvu mbele ya mnunuzi na ana nafasi ya kurudi nyumbani jioni. Sheria inamtaka afanye kazi ndani ya ushirika na kwenye eneo lililotengwa, na idara ya SAEMAPE ndiyo yenye jukumu la kumsaidia. Ushirika uombe mafunzo hayo kwa barua, na udai jibu.

Leteni kozi Kolwezi

Watu hupanda ndege kutoka mabara mengine kuja kuona miamba ambayo kijana wa Kolwezi anapita kando yake kila siku bila ruhusa ya kuingia. Kundi la wanajiolojia kumi wa kampuni mbili au tatu likichanga, linaweza kumleta mkufunzi mmoja kwa gharama ndogo kuliko ya kuwasafirisha wote kumi. Linalohitajika zaidi ni ghala lenye karoti na meneja aliye tayari kulifungua. Kampuni zinazochoronga Lualaba zifungue maghala yao angalau siku mbili kila mwaka kwa wanafunzi wa UNILU na wa Chuo Kikuu cha Kolwezi, na wanajiolojia waliomo ndani ya kampuni hizo ndio wawe wa kwanza kuliomba jambo hilo.